Msafiri wa London aanzie Kamwokya

Mhariri,

Ukurasa wenu wa safari uliozungumzia London uliwatajia wasomaji London Eye, Tower Bridge, mnara wa saa wa Bunge na maduka ya Oxford Street, ukaishia hapo. Mganda anayefika kule kwa mkutano, masomo au kumwona ndugu yake, akiifuata orodha ile, atatoa pauni nyingi mlangoni kwa vitu vya kupiga picha tu, huku kazi za mikono ya mababu zake ziko mitaa michache kutoka hapo na kuziona hakulipiwi hata senti. Njia yenyewe imekuwa fupi tangu Uganda Airlines ianze kuruka moja kwa moja kutoka Entebbe hadi Gatwick mwezi Mei 2025. Naomba nafasi niijazie orodha yenu.

Safari ya makumbusho ya London ianzie Kira Road, Kamwokya, hapa Kampala. Uganda Museum ilianzishwa mwaka 1908 kwenye ngome ya Lugard, ofisa wa kikoloni wa Uingereza, kilima cha Old Kampala, ikahamia jengo lake la sasa, lililochorwa na Ernst May, mwaka 1954. Asiyewahi kuingia humo hana haki ya kulaumu kwamba makumbusho ya Wazungu hayamwelezi kitu. Pita kwenye ngoma na vinubi, pita kwenye vyungu, tazama lubugo, nguo ya gome la mti, kwa karibu, na uandike majina kwa lugha zetu: engalabi (ngoma ndefu), endongo (kinubi), amadinda (marimba). Kibao cha London kinaweza kukuandikia neno moja tu la jumla, ngoma au kinubi, pamoja na jina la Mzungu aliyekipeleka kule. Jina la fundi aliyekitengeneza mara nyingi halipo kabisa. Ukifika na majina yako daftarini, utajua unachokitazama.

Kuna sababu nyingine ya kuanzia Kamwokya. Mwezi Juni 2024 makumbusho ya akiolojia na anthropolojia ya Chuo Kikuu cha Cambridge yalirudisha Uganda vitu 39, vingi vikiwa vimetoka mikononi mwa mmisionari John Roscoe. Vimekuja kwa mkataba wa mkopo wa miaka mitatu kwa kuanzia. Haikuwa mara ya kwanza: masalia ya Kibuuka, mungu wa vita wa Buganda, yalirudi kutoka Cambridge wakati wa uhuru mwaka 1962. Mwenye nafasi ya kutoka London siku moja achukue treni ya King's Cross, ambayo ikiwa ya haraka hufika Cambridge kwa chini ya saa moja. Makumbusho hayo yako Downing Street, hayana kiingilio, na Jumatatu hayafunguliwi.

Sasa tuingie London. Jambo la kwanza ambalo ukurasa wenu haukulisema ni kwamba makumbusho makubwa ya taifa la Uingereza hayatozi kiingilio kwa maonyesho ya kudumu. British Museum, National Gallery, Natural History Museum, Science Museum, Victoria and Albert Museum, Tate Modern, yote bure. Kisanduku cha mchango mlangoni ni cha hiari, na anayepita bila kutia kitu hafanyi kosa. Kinacholipiwa ni maonyesho maalumu ya muda, na hapo ndipo wageni wengi hupotea: hununua tiketi ya onyesho maalumu wakidhani ndiyo ya kuingilia jengo.

British Museum iko Great Russell Street. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1753 na kufungua milango mwaka 1759. Hufunguliwa kila siku kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na Ijumaa huendelea hadi saa mbili na nusu usiku. Ijumaa jioni ndiyo saa bora ya kwenda, kwani makundi ya wanafunzi na mabasi ya watalii yameshaondoka. Tiketi ya bure yenye saa maalumu huchukuliwa kwenye tovuti yao. Unaweza kufika bila tiketi, ila siku zenye watu wengi mwenye tiketi hutangulia. Foleni ya lango kuu ikiwa ndefu, zunguka nyuma hadi Montague Place, kuna mlango wa pili. Na usitoke uwanja wa ndege na sanduku lako ukafululiza makumbusho: masanduku ya magurudumu hayaruhusiwi kabisa, na begi lisizidi sentimita 40 kwa 40 kwa 50. Acha mzigo hotelini au kwa mwenyeji wako.

Ukishaingia uwanja mkubwa wenye paa la vioo, umati utakuvuta kushoto, kwenye Jiwe la Rosetta lililo chumba cha 4. Litazame, lina haki yake, kisha nenda upande wa kaskazini, upite chumba cha 24, na mwisho wake ushuke ngazi. Chini huko ndiko kuna chumba cha 25, sehemu ya Afrika. Lifti ipo kwa asiyeweza ngazi. Wageni wengi huondoka bila kujua kwamba jengo lina ghorofa hiyo.

Chumba cha 25 hakikupangwa kwa nchi. Usitafute kona iliyoandikwa Uganda, utachoka bure. Kimepangwa kwa kazi na malighafi: ufinyanzi mahali pake, uchongaji pake, vyuma pake, nguo pake, vinyago pake. Kwa hiyo chungu cha kwetu kinaweza kukaa pamoja na chungu cha Afrika Magharibi, na bila kusoma kibao hutajua. Humo utaona mabamba ya shaba nyeupe ya ufalme wa Benin, ulioko Nigeria ya leo, yaliyopangwa juu ya nguzo ndefu kama yanaelea hewani. Yaliporwa na jeshi la Uingereza mwaka 1897, na British Museum ina zaidi ya vitu 900 kutoka Benin. Utaona pia Mti wa Uhai, uliotengenezwa na wasanii wa Maputo kwa vipande vya bunduki za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Msumbiji. Ukiusogelea unaweza kuhesabu mitutu ya bunduki kwenye matawi.

Lakini kwetu sisi kitu kikubwa ni kile kichwa cha Luzira. Mwaka 1929 wafungwa waliokuwa wakichimba kwenye kilima cha Luzira walifukua vipande vya sanamu za udongo uliochomwa: kichwa, na vipande vya viwiliwili na viungo. E. J. Wayland, mkuu wa idara ya jiolojia ya serikali ya kikoloni, alivifikisha London, na huko viko hadi leo. Sanamu za udongo za namna hiyo ni adimu sana katika eneo letu la Maziwa Makuu. Mtoto wa Kampala anapita Luzira akijua gereza na bandari tu. Sanamu hizi zingepaswa kuwa kwenye kitabu chake cha shule.

Hapa kuna mtego. British Museum ina takriban vitu milioni 8, na vinavyoonyeshwa kwa wakati mmoja ni kama asilimia 1. Kitu ulichokifuata kinaweza kuwa stoo, kinaweza kuwa kimeazimwa na makumbusho mengine, au chumba kikawa kimefungwa siku hiyo kwa uhaba wa walinzi. Basi kabla ya kusafiri fungua katalogi yao ya mtandaoni, andika Luzira, Ganda, Nyoro, Acholi au jina lolote la kwenu, kisha usome mstari unaosema kama kitu kiko kwenye maonyesho na chumba gani. Nakili nambari yake. Vitu vya Afrika vilivyosajiliwa kwa mtindo wa sasa huanza kwa herufi Af, kisha mwaka wa kusajiliwa, kisha tarakimu nne za mwezi na siku, kisha nambari ya kitu chenyewe. Ukiwa na nambari hiyo unaweza kuomba kwa barua pepe kuonyeshwa kitu kilicho stoo. Omba wiki kadhaa kabla, taja siku zako, na uwe tayari kuambiwa kwamba kimehifadhiwa nje ya London. Asiye na nambari hujibiwa kwa maneno ya jumla.

Nambari hiyo ina kazi nyingine pia. Kila ukurasa wa katalogi una njia ya kuwaandikia kosa au taarifa ya ziada. Mzee wa Hoima au Arua anayejua kifaa fulani kilitumikaje, na kinaitwaje, ana elimu ambayo msimamizi wa London hana. Piga picha ya kibao bila mwanga wa flashi, irudishe nyumbani, muulize mzee, kisha waandikie. Flashi imekatazwa sehemu nyingi, na usishangae kukuta nguo au lubugo limewekwa gizagiza: rangi na nyuzi huliwa na mwanga polepole na haziponi, ndiyo maana taa za vitu kama hivyo hushushwa hadi karibu lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga). Ngoja dakika mbili tatu macho yazoee.

Wasomaji wenu watauliza: kama Cambridge iliweza kutuletea vitu, British Museum inazuiwa na nini? Inazuiwa na sheria ya Bunge ya mwaka 1963, inayowakataza wadhamini wake kutoa kitu katika mkusanyiko isipokuwa kwa sababu chache sana. Victoria and Albert Museum imefungwa na sheria ya namna hiyo ya mwaka 1983. Ndiyo sababu dhahabu ya ufalme wa Asante iliporudi Kumasi, Ghana, mwaka 2024 ilikwenda kwa mkopo, vitu 32 kutoka makumbusho hayo mawili. Makumbusho ya vyuo vikuu na ya hisani hayako chini ya sheria hizo, na Horniman Museum, iliyoko Forest Hill kusini mwa London, iliikabidhi Nigeria umiliki wa vitu 72 vya Benin mwezi Novemba 2022. Anayedai vitu vyetu virudi ajue anapeleka madai yake mlango upi. Huu si udhuru kwa British Museum, kwa maana sheria iliyotungwa na Bunge hubadilishwa na Bunge.

Horniman yenyewe inastahili nusu siku, hasa kwa wapenzi wa muziki. Ilijengwa na mfanyabiashara wa chai, ikafunguliwa mwaka 1901, haina kiingilio, na chumba chake cha ala kina zaidi ya ala elfu moja kutoka duniani kote. Hapo ndipo daftari lako la Kamwokya litakapolipa.

South Kensington kuna makumbusho matatu pamoja, na kutoka kituo cha treni kuna njia ya chini kwa chini inayokufikisha milangoni bila kulowa mvua. Natural History Museum ina mifupa ya nyangumi wa buluu, urefu mita 25.2, iliyoning'inizwa katika ukumbi mkuu tangu 2017. Watoto wataipenda kuliko kitu kingine chochote London. Victoria and Albert Museum inatunza taji la dhahabu la Ethiopia lililochukuliwa na jeshi la Uingereza huko Maqdala mwaka 1868. Ijumaa hufunga saa nne usiku. Kosa la watu ni kutaka kumaliza yote matatu kwa siku moja. Mawili yanatosha, na la pili ulifanye nusu.

Baada ya hapo panda Exhibition Road kuelekea kaskazini. Kwenye kona ni jengo la Royal Geographical Society, waliowatuma wapelelezi Speke na Grant huku kwetu kutafuta chanzo cha Mto Nile, na kwenye ukuta wake kuna sanamu ya Livingstone. Vuka barabara uingie bustani. Kwenye mnara wa Albert, kila pembe ina kundi la sanamu za bara moja, na Afrika ni yule mwanamke aliyepanda ngamia. Endelea kukatiza bustani ya Kensington kwenda upande wa kituo cha Lancaster Gate, mwendo wa karibu nusu saa, hadi kwenye mnara wa itale nyekundu ambao watu hupita na mbwa wao bila kuutazama. Ni wa Speke. Umeandikwa jina lake, jina la ziwa, Mto Nile, na mwaka 1864, basi. Hausemi kwamba aligundua chanzo, kwa sababu wakati huo wenzake walikuwa bado wanalibishania. Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe Septemba 1864, siku moja kabla ya mdahalo wake na Burton, mpelelezi mwenzake aliyempinga. Ziwa lilikuja kuzungukwa na Stanley mwaka 1875, na ubishi ukaisha. Mtu wa Jinja aliyezoea mnara wetu wa upande wa Njeru asimame hapo akaulinganishe na huo. Kwetu tunaonyesha mahali ambapo Speke aliyaona maporomoko ya Ripon tarehe 28 Julai 1862, maporomoko yaliyozama bwawa la Owen lilipojengwa mwaka 1954. Na watu wa Busoga na Buganda walikuwa wakivuka maji hayo kabla hajazaliwa babu yake.

Westminster Abbey kiingilio ni karibu pauni 30. Katikati ya ukumbi mkuu, sakafuni, kuna jiwe jeusi la kaburi la Livingstone, aliyezikwa hapo Aprili 1874. Maandishi yake yanasema aliletwa na mikono miaminifu kupita bara na bahari, ila majina ya wenye mikono hiyo hayamo. Ni Chuma na Susi pamoja na wenzao, waliobeba maiti kutoka Chitambo hadi pwani, na moyo wake wakauzika kule kule, nchi ambayo leo ni Zambia. Mwenye mtoto amtajie majina hayo akiwa amesimama hapo. Asiye na pauni 30 anaweza kuhudhuria ibada ya jioni bure, lakini ajue kwamba ibada si matembezi: utakaa ulipoketishwa na hutaruhusiwa kuzunguka makaburini.

Mnara wa London (Tower of London) kiingilio chake kinazidi pauni 30. Ukienda, nenda mlango unapofunguliwa na uanze na vito vya kifalme kabla foleni haijajaa. Picha haziruhusiwi ndani ya jengo la vito. Kwenye fimbo ya kifalme kuna almasi ya Cullinan ya karati 530, iliyochimbwa Afrika Kusini. Kama pesa ni ya kubana, ruka Mnara, nenda London Museum Docklands, kituo cha West India Quay. Ni bure, na imo katika ghala la mwaka 1802 lililojengwa kuhifadhi sukari iliyolimwa na watumwa wa Karibi. Tangu 2007 lina maonyesho ya biashara hiyo, yaliyo wazi kuliko vitabu vingi vya shule.

Nauli huwaumiza wageni zaidi ya viingilio, na sababu ni moja: hawagusishi kadi ipasavyo. Mabasi ya London hayapokei pesa taslimu tangu 2014, na mobile money hakuna anayeijua. Tumia kadi ya benki ya kugusisha, baada ya kuiambia benki yako hapa Kampala ifungue matumizi ya nje, au ununue Oyster, kadi ya nauli ya London. Kwenye treni za chini ya ardhi gusisha kisomeo cha njano unapoingia na unapotoka. Ukisahau kutoka, unakatwa nauli ya juu kabisa. Kwenye basi gusisha mara moja tu unapopanda, na ndani ya saa moja unaweza kubadili mabasi bila kukatwa tena. Makato ya siku yana kikomo, lakini kikomo huhesabiwa kwa kadi moja. Ukigusisha kadi asubuhi na simu mchana, hata kama ni akaunti moja, mfumo unakuona watu wawili. Mume na mke vilevile hawawezi kutumia kadi moja pamoja. Chaja hazisumbui: soketi zao ni zile zile za pini tatu kama zetu.

Wanaokwenda Krismasi kwa ndugu wapange upya: makumbusho haya makubwa hufungwa tarehe 24, 25 na 26 Desemba, na tarehe 25 hakuna basi wala treni za jiji.

Mahali pa mwisho hapaitwi makumbusho, ila mtafiti, mwalimu au mtu mwenye kesi ya ardhi ya ukoo asipakose. Ni National Archives, Kew, kituo cha Kew Gardens. Barua za serikali ya kikoloni kuhusu Uganda ziko katika mfululizo wa CO 536. Mfululizo wa FCO 141 una majalada yaliyoondolewa kimyakimya makoloni yalipopata uhuru, yakafichwa hadi wazee wa Mau Mau wa Kenya walipofungua kesi, na yakaanza kutolewa mwaka 2012. Ya Uganda yamo. Hufunguliwa Jumanne hadi Jumamosi. Kadi ya msomaji ni bure, lakini utadaiwa uthibitisho wa aina mbili: jina, kwa pasipoti, na anwani ya nyumbani, kwa mfano taarifa ya benki. Watu wetu hukwama kwenye anwani, kwa sababu taarifa ya benki yenye sanduku la posta peke yake inaweza isikubaliwe. Iombe benki iandike kiwanja, barabara na mtaa. Jisajili mtandaoni kabla. Kalamu ya wino haiingii chumba cha kusomea, penseli tu, na vitu vyako hubebwa kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani. Kupiga picha majalada kwa simu yako hakulipiwi. Nambari za majalada zitafutwe kwenye katalogi ukiwa bado hapa nyumbani na kuagizwa siku kadhaa mapema, kwa kuwa anayefika mikono mitupu hutumia siku yake ya kwanza yote akitafuta aanzie wapi.

Mwongoza watalii,
Jinja